Mkono wa Ndani ya Sanduku

Fundi masanduku hakuwa na mke, hakuwa na jiliwa la kubania vyuma lenye meno mazima, hakuwa na miwani ya kuonea karibu, wala hakuwa na mtu wa kumshikia upande wa ndani. Hilo la mwisho ndilo lililomkwamisha asubuhi ile, katika chumba cha uani alichokigeuza karakana.

Sanduku la jirani yake mshonaji lilikuwa la alumini nyembamba, na vishikio vyake vya chuma. Chuma kizito juu ya bati laini kina adabu zake. Katikati huwekwa kipande cha mpira, ili viwili hivyo visilane penye unyevu. Ndani huwekwa bamba pana, ili ribiti, ule msumari wa kupondwa kichwa, isichomoke na kuacha tundu. Halafu mmoja hugonga nje, mwingine hukaza kipande cha chuma kwa ndani kupokea pigo. Sanduku lilikuwa na kina kirefu kuliko mkono wake. Alijaribu kugonga peke yake, bati likabonyea.

Alipoweka ribiti ya pili, mkono ulitokea ndani ya sanduku, ukaokota kile chuma na kukikaza mahali pake. Ulikuwa mkono wa kushoto wa mwanawe, aliyefanya kazi nchi za mbali na ambaye hakuwa amefika nyumbani tangu mazishi ya mama yake. Fundi aliutambua kwa kidole gumba, kilichopondwa na nyundo utotoni.

"Panda juu kidogo," alisema.

Mkono ukapanda.

Walipofika kwenye kishikio cha pili, fundi aliiona pete ya ndoa kwenye kidole cha mkono ule. Aliitazama kwa muda, akaendelea kugonga.

Mchana mshonaji alikuja kuangalia kazi yake.

"Mzee, umeyafanya yote haya peke yako?"

"Mwanangu kanishikia."

"Kaja lini?"

"Hajaja. Ni mkono tu."

Mshonaji alichungulia ndani, akausalimu. Mkono ukapunga.

"Shukuru, mzee. Mimi ninao watatu huko, na hata ukucha sijauona." Akachungulia tena. "Kumbe kaoa. Mbona hukuniambia?"

"Na mimi sikuambiwa, mama."

Mshonaji alivuta kishikio kwa nguvu. Hakikutikisika. Akasema kazi ni nzuri, akaenda kutafuta mtu wa kumbebea.

Fundi alikaa mezani, sanduku likiwa wazi kando yake, akaandika barua. Mkono ulimshikia karatasi isipeperuke. Aliandika kwamba vishikio vimeshika barabara, kwamba jirani ameridhika, kwamba mkono umefika salama na haukulegea hata mara moja. Alianza kuuliza jina la mkwewe, akalifuta swali lile mpaka lisisomeke. Hilo lilikuwa jambo la kuambiwa, si la kuuliza.

Akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi. Mkono ukaikandamiza, pete ikiacha alama ndogo kwenye karatasi, mpaka ikashika. Kabla posta haijafungwa, barua ilikuwa njiani.