Mkono wa Kulia wa Pastory

Huruma yangu ndiyo iliyomrudisha Pastory kijijini kwao Simbo, na anayetaka kunipoza moyo akae kimya.

Tulikuwa mafundi wawili wa kusuka upya waya wa mota zilizoungua, kwenye karakana ya Mama Mwanvua, pale Katonga. Pastory ndiye aliyenifundisha kazi. Mwezi wa tatu mkanda wa mashine ya kusaga ulimsaga mkono wa kulia, hospitali wakaukata juu ya kifundo. Aliporudi kazini, kilichomtesa zaidi hakikuwa maumivu, ilikuwa adabu. Kila akinipa koleo alisema samahani kwa kushoto. Siku nzima samahani, samahani. Ikanichosha, nikaanza na mimi kumpa kila kitu kwa kushoto, bila kusema neno. Akaacha kuomba radhi, nikajiona mtu mwema kweli. Mjinga mimi.

Ikaja mota ya mashine ya barafu ya wauza samaki wa migebuka, imeungua. Mama Mwanvua akasema mbele yetu: hii ikizunguka, Pastory anabaki, isipozunguka, akalime kwao Simbo. Kulima kwa mkono mmoja, jamani.

Mota ile ina mafungu manne ya waya, na kila fungu ni sumaku: kaskazini, kusini, kaskazini, kusini. Kujua uzungushe waya upande gani, unakunja vidole vya kulia kufuata umeme unavyozunguka. Dole gumba linakuonyesha kaskazini. Nilipokuwa najifunza nilimwuliza Pastory kwa nini iwe kulia, kwani sumaku inajuaje? Alicheka. Akasema sumaku haijui kulia wala kushoto, watu ndio waliokubaliana. Wangekubaliana kushoto, kaskazini na kusini zingebadilishana majina tu. Sumaku zingesukumana na kuvutana vilevile, na mota ingezunguka. Kinachoua mota ni kuchanganya mikono.

Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza. Tuligawana mafungu mawili mawili. Pastory hakupenda kutazamwa akihangaika, nikampa mgongo. Nikawaza: yeye atakunja kushoto, hana mwingine. Mimi nikikunja kulia, mafungu yatapingana. Kumwuliza ni kumtonesha kidonda. Basi nikakunja kushoto.

Siku ya tatu tukawasha. Mota ilinguruma, haikuzunguka. Moshi ukatoka kabla Mama Mwanvua hajaifikia swichi, na waya mpya wote ukawa mweusi.

Pastory aliinama akaufuata waya kwa kidole, fungu baada ya fungu. Kisha akanitazama.

"Umetumia mkono gani?"

"Kushoto. Kama wewe."

"Mimi nimetumia kulia," akasema, akanyoosha kigutu. "Bado nausikia. Vidole vyote nilivikunja."

Nikamfuata Mama Mwanvua nikamweleza kwamba kosa ni langu, kwamba mwenye mikono miwili ndiye aliyetumia kushoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakukasirika.

"Nakuelewa, mwanangu," akasema. "Ni rafiki yako. Lakini usimsemee uongo."

Nikaapa. Nikamwonyesha mafungu, yeye akaona masizi tu.

Pastory alikuwa ameshaanza kufunga vyombo vyake kwenye mfuko. Nikamwokotea koleo lake, nikampa kwa mkono wa kulia. Alilipokea kwa kushoto, akasema samahani.