Ngazi ya Jumba la Jaji

Tangu asubuhi Mzee Funguo alikuwa akichungulia barabarani. Yeye ndiye aliyewatembeza wageni katika lile jumba la kale, na meneja alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno: "Leo binti wa marehemu jaji anakuja. Nyumba ni yake. Akipendezwa, anatuachia miaka kumi mingine. Asipopendezwa, mimi na wewe tutafute pa kwenda."

Kilichomtoa jasho ni ngazi. Jumba lilijengwa na tajiri wa biashara ya ngozi, jaji akalinunua; hayo yalijulikana. Lakini nani atoke kwake kuja kusikia habari za ngozi? Basi miaka kumi na miwili nyuma Mzee akatunga yake: jaji alimsukuma mkewe kutoka juu ya ngazi, akafa papo hapo. Watu walishika vifua, kesho yake wakaleta jamaa zao.

Leo alilipitisha kundi mbio mbio, sebuleni, maktabani, kisha akauelekea mlango wa nyuma. Binti wa jaji, naye keshakuwa bibi wa miaka sabini, alifuata nyuma, mkoba kifuani.

"We Mzee," mama mmoja aliyekuja mwaka jana akaropoka, "mbona unatuswaga kama mbuzi wa mnadani? Ile ngazi ya mauaji je? Nimemleta wifi yangu kwa hiyo tu!"

"Ngazi... iko kwenye matengenezo."

"Matengenezo gani? Si ile pale!"

Bibi akasogea. "Mauaji gani, kaka?"

Mzee akamgeukia. Njia ya mwongo fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani.

"Nilitunga, dada," akasema. "Eti jaji alimuua mkewe pale. Nimewasimulia watu miaka yote hii."

Wifi mtu akaguna. Meneja, mlangoni, akajishika kichwa.

Bibi aliitazama ngazi. "Mama alikufa kwa homa, hospitalini. Baba hakuwahi hata kumpandishia sauti." Akaketi kwenye kipandio cha chini. "Nitembeze upya. Niambie unayoyajua, hayo tu. Kisha nitaamua."

 Mzee alijipekua kichwani, asikute mengi.

"Nyumba hii," akaanza, "ina milango kumi na minne. Nimeihesabu mwenyewe."

"Haya," bibi akasema. "Endelea."