Wafu Tuliwapa Kilima

"Siendi huko chini, Dwight. Nimekwambia jana, nimekwambia asubuhi, na sasa nakwambia mara ya tatu mbele ya mume wangu, asije akasema hakusikia."

Dwight Hensley, msimamizi wa kambi, alikuwa amesimama kwenye ngazi ya gari-nyumba letu, karatasi mkononi. Tumesoma pamoja tangu tukiwa na miaka sita, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpa majibu ya hesabu.

"Rhonda, si mimi, ni kompyuta. Kiwanja chenu hiki, namba kumi na nne, kimeshikwa tangu Januari na watu wa Cincinnati. Wanaingia kesho na boti yao. Ninyi nimewatafutia namba arobaini. Kina umeme, kina kivuli, na mandhari yake watu wanaigombania."

"Mandhari ya nini?"

"Ya ziwa."

"Ya maji. Litaje tu. Unataka kuniweka hatua kumi kutoka kwenye maji."

Akatazama viatu vyake. "Ziwa hili halijawahi kufika pale."

"Na kijito chetu kiliwahi? Kuku alikuwa akikivuka bila kulowa magoti. Nieleze, maana ulikuwepo."

Alikuwepo. Alfajiri ile ya mafuriko ya Julai yeye ndiye aliyemshusha mama mkwe wangu kutoka juu ya paa la banda, akambeba mgongoni ndani ya maji ya kifua. Ndiyo sababu hasira yangu ilizidi. Asiyejua anasamehewa. Dwight alijua.

Virgil, mume wangu, alikuwa ndani mezani akikoroga kahawa iliyokwisha kupoa. "Miezi mitatu tu, Rhonda," akasema. "Wageni wakiondoka Septemba, tunarudi hapa juu."

"Koroga kahawa yako."

Tulikuwa na miezi kumi kambini hapo, watu wanne ndani ya gari la mita tisa. Gari lenyewe tulipewa na kanisa moja la Ohio, na kila aliyepita alitukumbusha kushukuru. Nimeshukuru mpaka taya zikauma. Nimeshukuru kwa makopo ya mahindi, kwa makoti ya watu wenye mabega kama milango, kwa kisanduku cha mswaki. Majira ya baridi yote tulikuwa peke yetu na bata, hakuna aliyekuwa na shida na namba kumi na nne. Kisha Aprili wakafunga milango ya bwawa, kama wafanyavyo kila mwaka, maji yakapanda ili boti za wageni zielee vizuri. Kila asubuhi nilipotoka kwenda kazini, kupiga picha mifupa ya watu kliniki, nilihesabu nguzo za gati zilizobaki nje. Kutoka kumi na mbili zilikuwa zimebaki saba.

Binti yetu Tessa ana miaka tisa. Tangu Julai analala na viatu. Nimembembeleza, nimemkemea, nimevificha; akivikosa anakaa macho mpaka kunakucha. Wakati Dwight akisifu kivuli cha arobaini, Tessa alikuwa ameketi kwenye kochi nyuma yangu. Nilimwona akiinama. Alifungua kamba za viatu vyake, akazifunga upya, akazikaza mpaka kidole kikawa cheupe.

Hapo nikamaliza kubishana na Dwight.

"Virgil, tunakwenda kilimani."

"Kilima gani?"

"Unakijua."

Kijiko kikasimama kikombeni.

Huku kwetu mashariki ya Kentucky ardhi tambarare ni haba. Mababu wa akina Sizemore, ukoo wa mume wangu, waliamua tangu zamani kwamba wafu wapewe juu ya kilima, ili kijito kisije kikafukua majeneza, na walio hai wajenge chini bondeni. Kila mtu akaendelea hivyo, na kila mwaka tuliusifu utaratibu huo. Julai maji yalibeba nyumba kumi na moja za walio hai, yetu ikiwamo. Hayakugusa kaburi hata moja.

"Watu hawakai makaburini," Virgil akasema.

"Mbona mnakula huko? Jumapili hii hii ukoo mzima utapanda kusafisha makaburi. Mtatandika meza, mtabeba kuku wa kukaanga na saladi ya viazi, na mjomba wako Estill atavua viatu alale usingizi kifuani kwa babu yake. Kula ruhusa, kukoroma ruhusa, kukaa ndiyo marufuku?"

"Barabara ni mbaya."

"Gari la maiti linapanda."

"Gari la maiti halina jiko na friji."

"Basi na sisi tutapanda taratibu. Abiria wake huwa hawalalamiki, jifunze kwao."

Dwight alicheka, akaona ninavyomtazama, akaacha.

"Mama hatakubali," Virgil akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba mama yake hakuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake, akichambua maharage kwenye sinia.

Mama Ola ana miaka sabini na minane. Hakuinua kichwa. "Jina langu tayari liko kule," akasema.

Ni kweli. Baba mkwe alipofariki walichonga jiwe moja la watu wawili, kama ilivyo desturi. Upande mmoja Hobert na miaka yake yote miwili, wa kuzaliwa na wa kufa. Upande wa pili Ola, mwaka wa kuzaliwa, kistari, kisha jiwe tupu linasubiri.

"Fundi amebakiza kuchonga mwaka mmoja tu," akaendelea. "Sitaki anione nazurura pale, akadhani nimekuja kumharakisha."

Mtu mwingine angemzunguka kwa maneno matamu. Mimi sikuwa nayo. "Mama, nijibu. Tukihamia arobaini, ikanyesha, utalala?"

"Hata hapa silali."

"Na kule juu?"

Alitoa kijiwe kwenye maharage, akakitazama, akakitupa nje kupitia dirishani. Boti fulani ilinguruma ziwani na mawimbi yake yakaja kupiga gati.

"Hobert alikuwa akikoroma," akasema mwishowe. "Lakini hajawahi kunilowesha." Akaweka sinia sakafuni. "Virgil, funga kabati la vyombo, mwanangu, vikombe vitavunjika."

Nilikuwa nimekwisha kuvaa glavu. Nilichomoa waya wa umeme, nikafunga bomba, nikajaza tangi la maji safi mpaka juu. Nilipofika kwenye mpira wa maji taka, Dwight alikuja nyuma yangu na karatasi yake.

"Huwezi kuondoka hivi, Rhonda. Kuna fomu."

"Shika hapa."

Akashika kabla hajafikiri ni nini. Aliushika mpaka ukamwaga tone la mwisho, kisha akapiga magoti akatoa mbao chini ya magurudumu bila kuombwa. Nilimwona anataka kusema neno. Sikumsaidia.

"Waambie watu wa Cincinnati," nikamwambia, "arobaini ina mandhari."

Niliendesha mimi, kwa sababu Virgil kwenye kona hufumba macho. Dakika arobaini. Tulipita mdomo wa bonde letu, pale palipobaki ngazi tatu za saruji zisizokwenda popote, na sikupunguza mwendo. Kisha tukashika barabara ya zamani ya malori ya makaa ya mawe, gia ya kwanza, matawi yakikwaruza ubavuni, sufuria zikigombana kabatini. Mama Ola aliimba wimbo wa kanisani kwa kung'ang'ania, kila kona ubeti mmoja.

Juu nilichagua upande wa banda la kulia chakula, mbali na mawe ya makaburi. Nikakanyaga breki, nikashuka, nikaweka mbao chini ya magurudumu na kuzipiga kwa nyundo. Mama Ola alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe lake, akalifuta chavua kwa aproni. Tessa alitembea mpaka ukingoni, akatazama chini bondeni muda mrefu. Viatu alikuwa navyo bado.

Virgil alisimama mlangoni, mikono mfukoni. "Jumapili wakija wote, Estill na wengine, tutawaambia nini?"

"Tutawaambia waje na viti vyao," nikasema, nikamtupia jembe. "Choo chimba kule chini ya miti. Anza sasa."

Akaanza.