Karatasi Niliyosaini Kule Barieri

"Mama Emérence, hii kazi yako ya uparajuristi, wanakulipa ngapi kwa mwezi?"

Sidonie, jirani yangu, aliniuliza hivyo siku moja tukimenya mihogo nyuma ya nyumba yake, kwenye kilima juu ya Kalembe. Hakuuliza kwa wivu. Kijana wake Jean-Claude alikuwa amepata diploma ya Leta, ile ya kumaliza sekondari, na tangu aipate alikuwa amekaa tu nyumbani, na wenzake walikuwa wanamuvuta waende Bisie kuchimba madini. Shimo la Bisie lilikuwa limekwisha kumufunika kaka yake Sidonie, na hata maiti haikutolewa. Alitaka mutoto apate kazi ya kalamu.

Nilimuambia ukweli. Parajuristi si avoka, si wakili wa kusimama mahakamani. Mimi nilimaliza shule ya musingi tu, na parokia ilinichagua kwa sababu najua kuandika na sina mudomo murefu. Tulisoma siku kumi. Metre Régine, avoka kutoka Goma, alitufundisha kusikiliza watu, kuandika malalamiko yao, kuwaonyesha mulango wa kugonga na kuwasindikiza mupaka pale. Kuhukumu, hapana. Kutoza watu franga, hapana. Mushahara pia, hapana. Tulipewa franga za njia, kaye mbili za kuandikia, biki, na kadi yenye picha ya kuvaa shingoni. Nikaongeza, labda kwa kumutia moyo, kwamba mwenye diploma anaweza kufika mbali kuliko mimi. Kuna walioanza hivi hivi, leo wako katika ofisi za Goma, wanapata dola mia mbili kwa mwezi, na mumoja alirudi chuo akasomea sheria.

Sidonie alicheka mupaka kisu kikamuanguka. "Kumbe unatembea na mvua hii yote bure? Mama, hata ng'ombe za Masisi wanazipa chumvi."

Lakini kesho yake alimutuma Jean-Claude kwangu, amevaa shati lake la kanisa.

Alikuwa na akili nyepesi. Nilimufundisha yale niliyofundishwa mimi, na la kwanza ni kwamba malalamiko bila ushahidi ni upepo. Wakati ule wenye bunduki wa upande wetu walikuwa wanatoza kila mutu mukubwa franga elfu moja kwa mwezi, na ukilipa unapewa jeto, kikaratasi chenye jina lako na muhuri wao. Bila jeto hufiki shambani. Nikamuambia atunze jeto zake zote, asitupe hata moja, kwa maana siku moja zitasema mahakamani mbele ya muzuzi. Wiki iliyofuata akaniletea zake na za majirani wanne. Nilimusifu. Kama ningenyamaza siku ile, labda angeishia pale. Alizunguka kilima chote, akapata makumi tatu na moja.

Metre Régine alikuwa anakuja Ntoto kutafuta watu wapya wa kufundisha. Jean-Claude alisema atamupelekea zile jeto, aone kwamba mutu huyu anafaa. Akazifunga katika mufuko wa plastiki pamoja na diploma yake, akaenda Jumanne asubuhi. Mimi njo niliyemuombea Mungu kwa safari ile.

Sasa sikiliza ujinga wetu. Huku kwetu, hata mutoto wa miaka sita anajua kwamba ukivuka muto kuelekea Ntoto unaacha jeto nyumbani, kwa sababu porini ng'ambo iko wenye bunduki wengine, wanaopigana na wale wa kwetu, na jeto ya adui katika mufuko wako ni kifo. Sisi wote wawili tulijua. Lakini zile karatasi tulikuwa tumeziita ushahidi wiki nyingi sana, na tukasahau kwamba zilikuwa jeto.

Alhamisi mama mumoja mwenye kuuza mafuta ya mawese akaja na habari. Jean-Claude alikuwa amefungwa kule barieri, kizuizi cha njia cha wale wa porini. Walisema ni mutoza kodi wa adui, maana nani mwingine anatembea na jeto makumi tatu na moja? Jumapili watamupandisha mulimani. Waliopandishwa hawarudi, hilo tulilijua pia.

Sidonie aliingia kwangu akakaa chini penye mulango. Hakulia. Alisema tu, "Wewe njo ulimufundisha."

Nilitoka Ijumaa, jogoo wakiwa bado wanawika. Sidonie alitaka kwenda, nikamukatalia, kwa maana machozi ya mama yanawakasirisha wale watu. Nilitembea saa tano. Kadi yangu niliificha kwanza kifuani, halafu nikafikiri kwamba wakinipekua na kuikuta imefichwa itakuwa mubaya zaidi, nikaivaa shingoni. Nilivuka muto. Nilikuwa nasema Zaburi, napotea katikati, naanza tena. Nilisikia tawi likivunjika nyuma yangu nikasimama, sikugeuka. Halikuwa kitu. Ao kilikuwa kitu, kikaniacha nipite.

Barieri ilikuwa mwanzi mumoja juu ya njia. Walikuwa wanne, na bunduki moja ilifungwa kwa kamba ya mugomba pahali pa mukanda. Walinipeleka katika shule moja isiyo na watoto tena. Mukubwa wao alikuwa kijana bado, mwenye buti safi, ameketi kwenye meza ya mwalimu. Zile jeto alikuwa amezipanga mbele yake mwezi kwa mwezi, vizuri, kama mutu anayependa kazi yake. Jean-Claude alikuwa pembeni chini, miguu imefungwa, na viwiko vimefungwa nyuma. Jicho moja lilikuwa limefungana. Hakuinua kichwa.

Nikasema ni mimi niliyemutuma, kwamba zile jeto si za kutoza, ni za kuwashitaki wale wa upande wetu.

"Na za kwetu sisi, umezificha wapi?"

Hapo njo nikaona shimo. Nao pia walikuwa wanatoza. Nikisema ni kodi, kijana ni mutu wa adui. Nikisema ni ushahidi, kijana na mimi ni washitaki wa wenye bunduki wote, na wao pia. Nikajibu kwamba za kwao sina hata moja, na ilikuwa kweli.

Akaniuliza ananilipa nani. Nikasema hakuna. Akauliza tena, polepole, ni ngapi kwa mwezi. Nikamuambia habari ya kaye na biki na franga za njia. Alicheka kidogo, wale wengine wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Akasema mutu anayeandika mambo ya watu bila kulipwa ni mupelelezi, maana hata pasta analipwa. Kisha akachukua kadi yangu shingoni, akaisoma mbele na nyuma, muda murefu. Akawaambia wenzake watoke.

Akanieleza shida yake mwenyewe, kama vile nilikuwa nimeketi kwenye benchi la parokia nikisikiliza watu. Kaka yake Damascène alikufa mwaka jana. Mujane wake, Mukandori, alikataa kutoka katika nyumba na shamba. Alisikia kwenye radio kwamba kuna sheria, na wazee wa kijiji wakaogopa kukata neno. Yeye angeweza kutuma watu na bunduki, lakini ni kijiji cha mama yake, hakutaka kusemwa. Alitaka karatasi ya mutu wa sheria, kwamba nyumba ni ya jamaa ya marehemu na mwanamuke atoke.

"Wewe uko mujane?" akaniuliza.

"Ndiyo, Komanda."

"Basi mambo haya unayajua."

Niliyajua. Sheria inasema mujane anabaki ndani ya nyumba aliyoishi na bwana wake. Mashemeji wangu walipokuja kunitoa, neno hilo njo lililonibakiza, na mimi mwenyewe nimelifundisha wamama wengi baada ya misa. Nikamuambia, kwa sauti ndogo, kwamba tunakatazwa kuandika kabla ya kusikia pande zote mbili.

Hakukasirika. Aliita mutu mumoja, akamuambia amufungue kijana miguu ili aweze kutembea, wamupandishe leo leo, hakuna haja ya kungoja Jumapili.

Jean-Claude akasema, "Mama." Neno lile moja tu.

Nikaomba biki.

Alitaja maneno, nikaandika. Niliandika kwa herufi nzuri, na jambo hilo linaniogopesha mupaka leo. Niliandika jina la Mukandori na la Damascène, na nyumba, na shamba la maharagi mupaka kwenye miti ya mikaratusi. Chini nikasaini, nikaandika Parajuristi, na namba ya kadi yangu. Aliisoma mara mbili. Kisha akaweka franga elfu tano juu ya meza.

"Kazi inalipwa," akasema.

Niliziacha pale. Alizichukua, akazitia mukononi mwangu, akanifunga vidole kimoja kimoja. Ni malipo ya pekee niliyowahi kupata katika kazi hii.

Wakamufungua kijana, tukarudi. Jean-Claude alikuwa mbele, anatembea kama muzee. Sidonie alipotuona akapiga magoti katikati ya njia. Siku nne baadaye alimupakiza katika lori la maharagi la Muhindo, muchuuzi wa Butembo, mupaka Goma, na huko kijana anapakua mizigo. Jeto zilibaki kule barieri pamoja na majina ya wenyewe, nikapita nyumba kwa nyumba kwa kila mwenye jina, nikawaambia mumoja mumoja wasivuke tena muto. Franga nilizitia katika kapu la sadaka. Nilimuungamia padri. Metre Régine sikumuambia.

Zilipita wiki tano. Asubuhi moja, nikiwa natandaza maharagi juani, mwanamuke akapanda kilima na mutoto mugongoni na sufuria kichwani. Nilimukaribisha ndani, nikamupa kiti na maji. Alikunywa yote. Kisha akatoa karatasi katika pindo la kikwembe alichovaa, imekunjwa mara nne.

"Mama, hii ni sahihi yako?"

Aliniambia ana siku tisa nje ya nyumba yake. Alikuwa ameuliza watu wapi anaweza kupata parajuristi wa kumusindikiza kushitaki, na wakamuelekeza kwangu, kwa kuwa mimi njo wa karibu. Walipotaja jina, aliona ni lile lililo kwenye karatasi. "Nikasema hapana, labda kuna mutu alikuibia jina."

"Ni yangu," nikasema.

Nikamueleza yote, kamba, jicho la kijana, na Jumapili iliyogeuka kuwa leo leo. Nikamuambia kwamba karatasi iliyosainiwa kwa woga haina nguvu katika sheria, na kwamba nitakwenda naye Masisi niseme mbele ya muzuzi ni mimi niliyeandika uongo, na kwa nini. Nilijua nikisema hivyo mbele ya muzuzi, yule wa buti safi atasikia kabla ya wiki kuisha. 

Mukandori alisikiliza mupaka mwisho. Mutoto aliamuka, akamunyonyesha.

"Yule kijana iko muzima?" akauliza.

"Iko."

Akaitika kwa kichwa. Akaikunja karatasi yake mara nne, akairudisha mahali pake. Akamufunga mutoto mugongoni, akajitwika sufuria, akatoka, akarudi kwa njia aliyojia, si ile ya Masisi.