Maelezo ya Picha ya Saba

Bwana Kiponda alipitisha vidole juu ya ukurasa wa kwanza wa nakala ya majaribio, akafunua wa pili, akaupapasa mpaka chini, kisha akaniuliza kama watu wa kitabu hiki wamehama.

"Ukurasa huo nimeuacha wazi makusudi," nikamwambia. "Msomaji apumzike kabla ya sura ya kwanza."

"Mimi sijachoka, Mama Kadii."

Bwana Kiponda alizaliwa haoni. Kazi yake katika kituo cha breli pale Kilifi ni kusoma kwa vidole nakala ya majaribio ya kila kitabu, na bila sahihi yake kitabu chenyewe hakichapwi. Kazi yangu ilikuwa kuandaa faili: mchapishaji alikuwa ametuma kitabu cha Kiswahili cha Gredi ya Tano, nami nikipange upya kwenye kompyuta ili mashine iweze kukigeuza kuwa nukta za breli. Kituo hakina watu wa kutosha, kwa hiyo mzazi anayejua kuchapa huandaa kitabu cha mtoto wake mwenyewe.

Mwanangu Kadii alipoteza macho kwa surua akiwa na miaka miwili. Muhula uliopita aliusoma wote bila kitabu, akisomewa na mwenzake wa dawati, Cherop, pale Cherop alipojisikia. Shule ilikuwa ifunguliwe Jumatatu. Mashine ilikuwa yetu mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Baada ya hapo ilikuwa zamu ya shule moja ya Malindi, na vitabu vyao vingeichukua muhula mzima. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na minne, katika darasa la watu wazima la Tezo. Mwalimu Phineas alitufundisha kwamba kichwa cha habari hukaa katikati, hupigiwa mstari kwa rula, na chini yake huachwa nafasi. Niliyafuata hayo kwa uaminifu. Kila kichwa nilikisukuma katikati kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara kumi na tisa. Nilihesabu.

"Mashine haijui kuwa hiki ni kichwa," Bwana Kiponda akaeleza. "Inaona nafasi kumi na tisa na inazichapa zote. Kidole kinatembea peke yake, hakikutani na mtu. Iambie kompyuta kwamba hiki ni kichwa, kichagulie mtindo wa kichwa, halafu iachie. Itajua pa kukiweka."

"Na mstari wa chini?"

"Wa kumpendeza nani?"

Niliondoa nafasi zote, pamoja na ukurasa wa kupumzika. Kitabu kikapungua karatasi tisini.

Alhamisi tulifika kwenye picha. Kidole hakisomi mchoro, kwa hiyo mwandaaji huandika maelezo mahali pake. Hapo sikuwa na wasiwasi, maana katika darasa letu insha zangu zilisomwa mbele ya wenzangu. Bwana Kiponda alipitia maelezo ya picha sita bila kusema neno, nami nikauhesabu ukimya wake kuwa sifa. Kwenye ya saba akasimama.

"Nisomee swali lililo chini yake."

Nikasoma: "Tazama picha. Watu hawa wanafanya kazi gani?"

"Sasa nisomee maelezo yako."

"Watu watatu wanavuna chumvi, kama wafanyavyo Marereni, alikozaliwa bibi yako. Mmoja amevaa viatu vinavyong'aa. Mchoraji hajafika Marereni."

"Haya. Swali limejibiwa na nani?"

Nikalisoma swali upya.

"Picha ya pili: 'mbuzi, ambaye si ndege kama hao wengine.' Picha ya tano: 'sufuria, yaani jibu ni la tatu.' Mama Kadii, mtihani huu umeufanya wewe."

"Wenzake wana macho, Bwana Kiponda. Yeye ana mimi."

"Wenzake wanaonyeshwa picha. Hawaonyeshwi jibu."

"Amekuwa wa mwisho muhula mzima. Akipata yote mara moja tu, kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya. Tutaandika jaladani kwamba mwanafunzi ni wewe, nawe Jumatatu uvae sare." Akanirudishia karatasi. "Siweki sahihi."

Picha zilikuwa arobaini na moja. Ijumaa nilifika kituoni kabla ya mlango kufunguliwa, nikaanza kuyatoa majibu moja baada ya jingine. Mbuzi nilimwacha akawa mbuzi tu. Sufuria nikaipanga pamoja na vyombo vingine bila upendeleo. Picha ya saba ilinichukua karibu saa nzima, kwa sababu kila sentensi niliyoanza ilikuwa inamalizikia kwenye chumvi. Mwishowe niliandika: "Watu watatu wamesimama katika bwawa lisilo na kina. Jua ni kali. Wanakokota kitu cheupe kwa reki na kukirundika ukingoni." Viatu nilivitaja, lakini bila maoni.

Saa tisa na nusu Bwana Kiponda aliweka sahihi. Mashine ikapiga kelele kama mafundi kumi wanaopigilia misumari, na saa kumi kasoro dakika nne kitabu kilikuwa mikononi mwangu: majalada matatu, mazito kuliko mtungi.

Kadii hakungoja Jumatatu. Jumamosi alikalia mkeka karibu na jiko, jalada la kwanza mapajani.

"Mama, usiniambie kitu. Na usikohoe. Ukikohoa nitajua nimekosa."

"Na moshi je?"

"Umeze."

Alijibu la mbuzi. Alijibu la sufuria. Alipofika kwenye picha ya saba vidole vyake vilipita mara moja, vikarudi mwanzo, vikapita tena.

"Wanachanganya chokaa," akasema. "Kama mjomba Dena kule Takaungu."

Nilikuwa nasonga sima.

"Ni chokaa, Mama?"

"Yote niliyoyaona yameandikwa hapo."

"Cherop angeniambia."

"Najua."

Akafikiri. Kisha akachukua kibao chake na kalamu ya kutobolea, akaandika chokaa, nukta kwa nukta, akafunua ukurasa uliofuata.

Niliendelea kusonga. Sima ilikuwa imeiva kitambo.