Lango la Watu Wawili

Saa za kazi mjomba wangu alitaka aitwe Jemadari. Jeshi lake lilikuwa watu watatu katika chumba kimoja juu ya duka la vipuri, na birika la umeme lililochemka siku lilipojisikia.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, na mama yangu, dada yake mkubwa, ndiye aliyemwambia anipe kazi. Hakumwomba, alimwambia. Kazi yenyewe ilikuwa kuucheza mchezo wa kompyuta waliokuwa wakiutengeneza na kueleza una kasoro gani. Nikadhani wanataka kweli waelezwe.

Mchezo uliitwa *Nyoka Kambini*. Wewe ni jemadari, unaongoza askari wanane kwenye ramani ya miraba, zamu yako na zamu ya adui, mpaka ngome ya mwisho. Kati ya wanane, wawili ni wasaliti. Kila jioni mnapiga kambi, na hapo unaweza kumfukuza yeyote unayemshuku.

Sitausema vibaya tu. Vita vyake ni vizuri kweli. Mpiga upinde akipanda kilima anaona mbali, mvua ikinyesha wenye ngao wanazama kwenye matope, na ukifanya pupa kidogo utaijutia mpaka kesho yake. Yote hayo yalitengenezwa na Nukta, fundi wetu wa programu, ambaye hakusema maneno mawili pale ambapo moja lilitosha. Sura za askari zilichorwa na Dada Rangi. Aliwapa macho ambayo ukiyatazama unaona haya kumtuma mwenye nayo mbele.

Yaliyobaki yalikuwa upuuzi mtupu, na yalitoka kichwani mwa Jemadari. Wasaliti wake hawakuwa na sababu ya kusaliti. Uwalishe, uwatibu, uwabebe mgongoni, mchezo ulishawachagua kwa bahati nasibu kabla hujawajua. Na ukimfukuza asiye na hatia, yanatokea maandishi, "Hakuwa msaliti," kisha safari inaendelea kana kwamba mmeacha kopo tupu njiani. Hakuna anayelia, hakuna anayeuliza. Mchezo unaojidai wa akili, na njia rahisi ya kuucheza ni kuwafukuza karibu wote ulale usingizi!

Nilimwambia hivyo.

"Mpwa wangu," akasema, "vita si harusi."

Hakuwahi kwenda vitani hata siku moja. Harusini alikuwa hakosi.

Mchezo ulipokaribia kuuzwa, alimpelekea nakala mhakiki mmoja wa michezo mwenye wafuasi wengi mtandaoni, ili asifiwe. Mhakiki akaandika sifa: ramani, mvua, sura. Akaandika na kasoro: usaliti wa kubahatisha, na kufukuza watu bila gharama yoyote. Karibu maneno yangu yote.

Asubuhi hiyo Jemadari aliingia na simu mkononi, akaufunga mlango, ukagoma, akauinua kidogo, ukafunga.

"Humu ndani kuna msaliti."

"Nani?" akauliza Nukta.

"Ndilo ninalouliza mimi! Haya maneno yalisemwa humu. Huyu mtu kayajuaje?"

"Kacheza," akasema Nukta.

Jemadari hakusikia, au hakutaka. Akanitazama mimi, mwenye maneno, na nikaona jinsi alivyomwona mama yangu amesimama nyuma ya kiti changu na mikono kiunoni. Macho yakahama upesi. Yakaenda kwa Nukta, na Nukta hakugusika, maana bila yeye hakuna kitu kingewaka. Basi yakatua kwa Dada Rangi.

"Wewe umekaa kimya tangu niingie."

"Nachora, Jemadari."

"Msaliti hukaa kimya."

"Basi na kiti hiki kikague."

"Kusanya vitu vyako."

Dada Rangi alikuwa akilea watoto wawili wa marehemu dada yake kwa kazi hiyo. Jemadari alijua vizuri sana, maana kila walipokuja ofisini aliwapa peremende na kuwauliza wataoa lini. Sasa mama mlezi wao alikuwa akitia penseli zake kwenye begi moja moja, na yeye anaangalia dirishani kama anakagua gwaride.

"Mjomba," nikasema.

"Saa za kazi!"

"Jemadari, umewahi kuucheza mchezo huu mpaka mwisho?"

"Nimeubuni mimi."

"Sikuuliza hivyo. Ucheze sasa hivi. Ukizikuta kasoro hizo mwenyewe, basi hata mhakiki alizikuta mwenyewe, na Dada Rangi anabaki. Usipozikuta, nifukuze mimi. Mama nitaongea naye."

Hilo la mama ndilo lililomkalisha. Akavuta kiti, akashika kipanya.

Mwanzo alifurahi kama mtoto. "Ona! Ona nilivyomzunguka!" Vita vya kwanza alishinda, akatutazama tumsifu. Ikaja kambi. Akamshuku mpiga upinde kwa sababu ya pua yake, akamfukuza. *Hakuwa msaliti.* Akacheka. Kambi ya pili akamfukuza mbeba bendera. *Hakuwa msaliti.* Hakucheka, ila kidole kilikuwa kimeshazoea, na kambi ya tatu akawafukuza wawili kwa mpigo, nao hawakuwa wasaliti. Kadiri wasaliti walivyomponyoka ndivyo alivyozidi kumshuku aliyekuwa karibu.

"Na huyu mganga ananiudhi," akasema. "Kazi yake kutibu tu, hasemi neno. Anajipendekeza huyu."

Akabofya. *Hakuwa msaliti.*

Dada Rangi alikuwa mlangoni, begi begani. "Huyo ni mama yako," akasema.

"Nani?"

"Uliniletea picha yake, ile ya ujanani. Ukasema mganga awe na sura ya marehemu mama. Nilirudia kuchora mpaka ukaniambia, ndiye."

Ni kweli. Mimi nilimtambua Bibi siku yangu ya kwanza kazini, na kila nilipocheza sikuwahi kumtuma mbele.

Jemadari akasogeza kipanya huku na huku. "Narudije nyuma?"

"Hakuna," akasema Nukta.

"Vipi hakuna?"

"Ulikataa. Ulisema jemadari harudi nyuma."

Akaendelea, kwa ukaidi tu. Akawafukuza watatu waliobaki, wasaliti pamoja na asiye msaliti, akafika kwenye ngome ya mwisho akiwa peke yake. Lango lilikuwa na magurudumu mawili ya kulifungulia, moja kila upande. Akalizungusha la kulia. Akakimbilia la kushoto, la kulia likarudi. Akakimbilia la kulia, la kushoto likarudi. Alikimbia hivyo mpaka mimi nikaanza kumhurumia.

"Bovu hili."

"Si bovu," akasema Dada Rangi. "Linataka watu wawili. Nilikuonyesha mchoro, ukasema mzuri sana. Ulikuwa unaongea na simu."

Jemadari akakaa anatazama kijitu chake kilivyosimama mbele ya lango. Kisha akakohoa.

"Nukta. Weka gharama ya kumfukuza asiye na hatia."

"Ipi?"

"Muulize huyo mwenye shahada."

"Waliobaki wakatae kusogea," nikasema. "Mpaka aliyefukuzwa arudishwe."

"Sawa. Liandike hilo."

Nukta akaondoa mikono kwenye kibodi, akaikunja kifuani. Nami nikaikunja yangu.

"Nimesema liandike. Mbona mmekaa hivyo?"

Akatutazama mmoja mmoja, halafu macho yake yakaenda mlangoni.

"Dada Rangi. Rudi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu... hukuwa msaliti."

"Hilo hata mchezo wako unalisema, na mtu bado yuko nje."

Nilimwona Jemadari akitafuta mahali pa kubofya.

"Nisamehe, dada yangu," akasema hatimaye, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia saa za kazi.

Dada Rangi akalitundika begi kwenye kiti chake, akatoa penseli. Nukta akakunjua mikono.

"Sasa tunasogea," akasema.