Mlolongo Nyuma ya Kompyuta

Kitu cha kwanza Warigia alichoona asubuhi hiyo ni kwamba kompyuta ya karibu na mlango ilikuwa imevalishwa tai. Tai nyekundu ya mtu mzima, imefungwa vizuri chini ya kioo, kana kwamba kompyuta inaenda kuomba kazi. Akaitazama. Akageuka kuona kama kuna mtu anayecheka. Hakuna aliyecheka. Basi akapita kimya, akaketi kwa ile kompyuta nyingine ya ukutani, akaiwasha, kwa maana alikuwa na beji za shule za kumaliza siku hiyo.

Warigia hakuwa mtu wa kuuliza. Watu husema kuuliza si ujinga, lakini tangu aache shule darasa la tano alikuwa ameona kwamba kila anayeuliza huulizwa pia.

Karakana ya jamii pale Kiplombe ni banda la mabati. Upande mmoja kuna maseremala, upande wa pili wachomeleaji, na washonaji, msichana Warigia akiwa mmoja wao, wako katikati, ili vumbi la mbao na cheche za moto zikutane kwa nguo za wateja. Mfadhili mmoja alikuwa amewaletea kompyuta mbili za kutumia wote: kuchora mageti, kupima makabati, kuchora beji za kudariziwa na mashine. Mfadhili akapiga picha, akaenda. Vita vikaanza.

Felix, fundi wa mageti, alitia kwa kompyuta ya mlangoni mfumo aliokopi kutoka kwa flashi ya rafiki yake, ule ambao kila mtu amezoea kuuona kwa cyber, duka la intaneti. Huo wakauita Ya Kawaida. Naye Chelimo, mwanafunzi wa chuo kule Chepkoilel aliyekuwa akija Jumamosi kuwafunza, alitia kwa kompyuta ya ukutani mfumo huria, Linux, usiolipiwa, wenye alama ya pengwini. Huo wakauita Ya Ndege. Sasa, kilichochorwa kwa hii, kikifunguliwa kwa ile, kilitoka kimepinda. Geti moja lilitoka limelala chali, na mteja akauliza kama atafunga nalo boma au atalitandikia godoro. Ikabidi karakana ichague mfumo mmoja kwa kompyuta zote.

Kwingine watu wangeketi wakalinganisha. Lakini mwenyekiti, Mzee Zachariah, seremala wa siku nyingi, alisema jambo la wote huamuliwa kwa kura, na kura yenyewe iwe ya mlolongo: mgombea asimame, wafuasi wake wapange laini nyuma yake, wahesabiwe mchana kweupe. Karatasi hakuziamini tangu siku walipochagua kamati na kura zikawa nyingi kuliko wanachama.

"Karatasi hudanganya," alisema. "Mgongo wa mtu haudanganyi."

Na wagombea walikuwa ni kompyuta. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya tai.

"Hiyo nguo ni ya nini?" Chelimo aliuliza alipofika.

"Mgombea wangu ni mtu wa heshima," Felix akamjibu. "Wako ako uchi. Na printa ndiye mgombea mwenza wetu."

"Printa ni ya kila mtu!"

"Ilikuwa. Imehama chama."

Warigia aliyasikia hayo akiwa ameinamisha kichwa. Kwake huu haukuwa mchezo. Ya Kawaida ilisema Kiingereza kitupu, na Kiingereza chake yeye kiliishia kwa ng'ombe na mti. Aliiendesha kwa kukariri mahali: bonyeza hapa juu, shuka, bonyeza ya mwisho. Kila Felix alipoichokora, vitu vilihama, naye Warigia akabaki ameketi, mikono mapajani, akingoja mtu apite ambonyezee. Wakimwita mvivu, alitabasamu. Mara ya mwisho aliyepita ni Felix mwenyewe, akabonyeza haraka haraka huku akiongea kwa simu, na shule moja ikapelekewa beji za jogoo mwenye miguu minne. Lawama alizibeba Warigia.

Kwa Ya Ndege mambo yalikuwa mengine. Siku moja Chelimo aliigeuza lugha, akionyesha tu kwamba inawezekana, na maneno yakachomoza: Faili. Hariri. Hifadhi. Si yote, mengine yalibaki Kiingereza kama mawe kwenye mchele. Lakini yaliyokuwepo yalimtosha. Tangu hapo hakungoja mtu. Alifika, akaketi, akasoma, akachora. Ya Ndege ikishindwa leo, itafutwa leo, na kesho mikono itarudi mapajani.

Watu wakajaa. Mama Jerop, aliyewafunza ushonaji, akaingia amepakata sotet, kile kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa, ambacho wakimbiaji hupokelewa nacho wakirudi na medali.

"Hiyo ni ya nini, Mama?" Chelimo akauliza.

"Sasa mshindi atakunywa nini? Soda?"

"Mama, mshindi ni kompyuta."

"Hata kama."

Mzee Zachariah akapiga meza. "Felix, mnadi mtu wako."

Felix akapanda juu ya kreti. "Ndugu zangu! Huyu mnamjua! Nani hapa hajaandikiwa barua ya kazi na huyu? Nani hajakutana naye kwa cyber? Leo mnataka kumwacha mtu wenu mfuate ndege ambaye hata kuruka hawezi?"

Makofi yakavuma. Hapo hapo kioo cha Ya Kawaida kikawa cheusi na maandishi yakatokea. Chelimo akayasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayeonja asali: nakala hii si halali.

"Vyeti feki!" mtu akapiga kelele.

"Na amejitaja mwenyewe!"

Felix hakutikisika. "Hiyo ni habari? Huku kwetu ni mgombea gani hajawahi kuulizwa vyeti? Hii ni dalili kwamba amekomaa!"

Makofi ya sasa yakayapita yale ya kwanza.

Zamu ya Chelimo ikafika. "Huyu hana mwenyewe," akasema. "Ametengenezwa na watu wengi, kila mmoja akichanga kidogo. Yeyote anaruhusiwa kumtumia, kufungua aone alivyoundwa, kurekebisha palipoharibika, na kumpa jirani. Bure."

Mnong'ono wa hofu ukapita.

"Bure?" Mzee Zachariah akauliza. "Hata mbwa wa bure, mtu huuliza alikotoka."

"Ni kama harambee, Mzee."

"Ah, harambee. Mgeni wa heshima alikuwa nani?"

"Hakukuwa na mgeni wa heshima."

Watu wakatazamana. Harambee bila mgeni wa heshima! Sauti moja kutoka nyuma ikataka kujua hema lilikodiwa na nani.

Ni Mama Jerop aliyemwokoa. "Nyinyi mnasumbua mtoto wa watu. Ni kama mbegu ya viazi. Jirani anakupa, unapanda, ukipata nzuri unampa mwingine. Nani hapa ashawahi kuuliza mbegu ya viazi mwenyewe ni nani?"

Hilo likawaingia, maana viazi si jambo la mzaha.

Meza zikabebwa nje ili mistari ipate nafasi, kompyuta zikiwa juu yake zimewaka, nyaya za umeme zikiburutwa nyuma kama mikia. Warigia alikuwa bado hajamaliza beji. Walipoinua meza yake, naye aliinua kiti chake akaandamana na meza, mkono mmoja ungali kwa mausi, na walipoitua, naye akatua. Hakuna aliyemwambia aondoke.

"Huyo ni sehemu ya mashine," Felix akasema. Watu wakacheka. Warigia akatabasamu kama kawaida yake.

Watu wakaanza kujipanga. Felix alikuwa ametega beseni la mandazi upande wake, na mlolongo wa Ya Kawaida ukafika getini, ukatoka nje, ukaendelea kukua wenyewe. Mzee Zachariah akaanza kushangaa, kwa kuwa karakana haikuwa na wanachama wa kujaa barabara. Akaufuata hadi mwisho, akakuta mwanaume mwenye gunia tupu begani, aitwaye Kituyi.

"Wewe ni mwanachama?"

"Kwani hii si ya mbolea ya serikali?"

"Hii ni ya kompyuta."

"Sawa. Mbolea inafika saa ngapi?"

"Wa mbolea watoke!" Mzee akapaza sauti, na kipande kizima cha mlolongo kikajikata kikatoka, kikinung'unika na mandazi mdomoni. Wengine hawakuamini. Wakapanga mlolongo wa tatu nyuma ya tangi la maji, huenda tangi likawa linajua kitu.

Mzee Zachariah akahesabu kwa futi yake ya useremala, akigusa kila mtu begani. Upande wa Ya Ndege alianza na bega la Chelimo, akashuka hadi mtu wa mwisho. Upande wa Ya Kawaida alianza na Felix. Wakawa sawa. Akarudia. Wakawa sawa tena.

"Mzee, piga yako," mtu akasema.

"Refa hapigi mpira."

Likatolewa pendekezo kwamba wagombea wajipigie kura wenyewe. Felix akataka printa ihesabiwe, lakini ikaonekana haijaunganishwa na umeme, kwa hivyo haikuwa imejiandikisha. Mwishowe Mzee Zachariah akaamua. "Tutafute mtu asiye na upande. Mleteni yule wa gunia."

Kituyi akaletwa mbele. Akaweka gunia chini, akawakagua wagombea kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Huyu wa tai anakaa mtu wa ofisi," akasema. "Huyu mwingine si mbaya. Lakini naona amekuja na msichana wake."

"Tuambie basi. Nani?"

"Si mnipe muda." Kituyi akakuna kidevu. Mkono wake ukaanza kuinuka kuelekea kwa tai nyekundu.

Warigia aliuona ule mkono kwenye kioo, nyuma ya maneno. Alikuwa pia ameiona futi. Mara ya kwanza ilipompita alijiambia, mtu atasema. Siku zote kuna mtu wa kusema. Mara ya pili ilipita juu ya kichwa chake kama inavyopita juu ya meza, ikaenda kugusa bega la Chelimo, na hakuna aliyesema. Yeye ndiye aliyekuwa ameketi hapo kabla ya wote. Mkono wa Kituyi ulikuwa umefika usawa wa kifua.

"Mimi," akasema.

Ilikuwa sauti ndogo, na kwa vile alikuwa bado ametazama kioo, Mzee Zachariah aliruka nyuma akamkanyaga Kituyi.

"Imeongea!"

"Ni mimi, Mzee." Warigia akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Hamjanihesabu. Niko mbele ya Chelimo. Mimi ndiye wa kwanza."

Vichwa vikageuka.

"Alikuwa amekaa!" Felix akaruka. "Mlolongo ni wa kusimama! Tena alikuwa anafanya kazi!"

Mzee Zachariah akaifikiria hoja hiyo kwa uzito wote, akijikuna sikio kwa ncha ya futi. "Hata bungeni," akasema hatimaye, "watu hukaa. Na hatuna sheria inayomkataza mtu kufanya kazi. Ingawa ni kweli haijawahi kutokea siku ya kura." Akamwendea Warigia, akamgusa begani, taratibu, kama anayepima mbao ya thamani.

"Moja," akasema.

Na hiyo moja ndiyo iliyotosha.

"Na mbolea?" Kituyi akauliza, lakini kelele zilikuwa zimemfunika. Mama Jerop alikuwa tayari ameifungua sotet na anaiendea Ya Ndege, mkono mbele, wimbo mdomoni. Chelimo akajitupa juu ya kibodi.

"Mama, hapana! Itaungua!"

"Mshindi lazima anywe! Unataka tupate laana?"

Wakavutana hapo hadi Mama Jerop akageuka, akaona wa karibu ni nani, akampa Warigia kibuyu. Akanywa. Felix naye, mwanaume ni kukubali, akaivua tai kwa mgombea wake akaja kuivalisha Ya Ndege, akizunguka zunguka nayo.

"Huyu hata shingo hana," akanung'unika.

"Sasa hotuba," Mzee Zachariah akasema. "Mshindi huhutubia."

Chelimo akafungua mdomo. Mama Jerop akamwinulia kiganja. "Wewe ni wakala. Aliyekunywa ndiye anaongea."

Wote wakageuka. Hata ule mlolongo wa tangi la maji uligeuka. Warigia alikuwa amesimama na mursik juu ya mdomo, kibuyu kifuani. Tabasamu lake la kawaida lilikuja likafika nusu. Akaliacha liende. Akatazama kioo, yale maneno yake yalikuwa pale juu, yamepangana, Faili, Hariri, Hifadhi, kisha akawatazama watu.

"Mimi si mvivu," akasema. "Nilikuwa nangoja mtu kwa sababu ile ingine siwezi kuisoma. Hii naisoma mwenyewe."